Sanduku la Dufie Halihesabiwi

Takoradi, 9 Februari 2014

Dada yangu Dufie,

Pokea salamu zangu zilizokaangwa vizuri, maana zinatoka jikoni kwa mpishi mkuu. Mimi ni mzima, nimenenepa, shingo yangu imeanza kukunjamana kama ya waziri. Goti lako je? Mjomba Opoku bado anauongoza ukoo kwa ile fimbo yenye kichwa cha simba, au simba amechoka? Msalimie Serwaa wa mama mdogo, ingawa najua hatapokea.

Barua hii nampa Atta, dereva wa basi la Kumasi, kama kawaida yetu. Simu kwenye ua wenu ni redio: anaongea mmoja, wanasikiliza wapangaji wote.

Sasa tega sikio. Hapa nyumba ya wageni ninapopikia kuna Mnorwei, mtu wa visima vya mafuta, mrefu hadi anaiinamia taa. Juzi nikamwekea samaki mezani, nikamwuliza habari za kwao. Akaniambia, "Nsiah, bomba limepasuka kwenye nyumba niliyopanga. Vitu vyote vimeoza." Nikaanza kumpa pole. Mtu akacheka! "Pole ya nini? Nina bima."

Dada, nyumba si yake. Kapanga, kama mimi na wewe. Lakini kitanda, masufuria, hata viatu vyake vya kutelezea kwenye theluji, vyote vina bima. Mimi nimefika Antwerp, nimefika Santos, nimepika kwenye meli ya Wagiriki ambako nahodha alilia machozi kwa ajili ya wali wangu mwekundu, lakini jambo hili lilikuwa limenipita.

Hapo hapo nikaikumbuka barua yako ya Krismasi. Mita ya umeme ya Mzee Agyapong inatema cheche kila umeme unaporudi, naye mwenye nyumba mkimlalamikia anajibu, "Cheche ni dalili kwamba umeme upo." Haya. Siku nyumba ikiungua, Mzee Agyapong atabaki na kiwanja. Wewe utabaki na nini? Vitenge vya mama vimo humo ndani, sandukuni mwako. Hatuna kitu kingine cha mama duniani. Picha yake ilikuwa moja, Mjomba akaipoteza.

Basi nimelimaliza. Nimekukatia bima ya vitu vya mpangaji, nimelipa mwaka mzima. Usiniulize kiasi gani. Mtu mkubwa haulizwi. Yangu nimeshaikata, hata soksi zangu zina bima. Atakuja wakala wao wa Kumasi, kijana anaitwa Ofosuhene, aandike kila kitu kilichomo na thamani yake. Kisichoandikwa hakilipwi. Mfungulie mlango, mfungulie na sanduku.

Ndugu yako mwenye akili,
Kwaku Nsiah


Tafo, Kumasi, 2 Machi 2014

Nsiah mdogo wangu,

Barua yako imefika ikinuka kitunguu, nikajua kweli ni yako. Hatujambo. Goti linaniuma nikipanda na linaniuma nikishuka. Kwenye tambarare linanihurumia. Biashara ya fufu inakwenda. Mjomba na simba wake wapo. Serwaa amefungua duka la nywele za bandia. Alisema nikusalimie, akafikiri kidogo, akasema nisikusalimie.

Kijana wako wa bima alikuja. Ana adabu na ana njaa, nikamlisha kwanza. Kisha akatoa kalamu.

"Mama, hiki ni nini?"

"Kinu."

"Cha kazi gani?"

"Wewe umezaliwa wapi?"

"Accra, mama."

Nikamsamehe. "Andika kinu cha kutwangia mihogo ya fufu."

"Thamani yake?"

"Kinu hakina thamani, kina umri."

Akaandika anachokijua yeye. Akaandika kitanda, redio, masufuria, na friji ambalo halijapoza kitu tangu Pasaka ya mwaka jana. Ndipo akalifikia sanduku. Mimi nikalikalia.

"Humo mna vitenge vingapi, mama?"

Nsiah, nililishika kwa mikono yote miwili. Nikamwambia, "Kijana, nani amekuambia nimekufa?"

Wewe umezunguka dunia hadi umesahau kwenu. Sanduku la mwanamke hufunguliwa na wanawake wa ukoo akishazikwa. Kitenge kinatolewa kimoja kimoja, kinatajwa jina lake, kinahesabiwa, kinagawiwa. Anayehesabu vitenge vya aliye hai anamsogezea siku yake. Vya mama tulivihesabu Jumapili baada ya mazishi. Wewe ulikuwa Santos. Na mimi sitahesabiwa huku mchi bado uko mkononi.

Ofosuhene akajikuna kichwa. "Mama, mimi mila naiheshimu. Lakini kompyuta ya kampuni haina ukoo."

"Basi imezaliwa vibaya," nikamjibu.

Kwa hiyo sanduku limebaki nje ya bima. Asante sana kwa kuniwekea bima ya friji bovu.

Halafu umenieleza shingo yako na umenieleza Mnorwei. Chumba chako hukukitaja. Kikoje?

Dada yako,
Dufie


Takoradi, 19 Machi 2014

Dada Dufie,

Salamu za haraka, nina sufuria mbili jikoni na zote zinaniita. Mimi mzima kama ng'ombe wa sikukuu.

Nimecheka barua yako, kisha nikafikiri, na mimi nikifikiri jambo limekwisha. Tatizo lako ni ruhusa. Sanduku ni la ukoo? Basi ukoo ushuhudie! Nimemwandikia Mjomba Opoku kwa heshima zote, kwa ule mwandiko wangu wa mikia mirefu, nikamwambia: "Mjomba, sanduku la Dufie linataka kuhesabiwa. Tafadhali fika Tafo, wewe na wazee, Jumamosi ya tarehe tano, mambo yaende kwa utaratibu." Maneno machache, safi. Sikumchosha kwa habari za bima, maana hizo zinahitaji mtu aliyesafiri.

Utanishukuru.

Nsiah


Tafo, Kumasi, 14 Aprili 2014

Nsiah,

Mimi ni mzima. Natilia mkazo: mzima.

Jumamosi ile nilikuwa natwanga fufu, nikaona gari mbili zinaingia uani. Akashuka Mjomba Opoku amejifunga kitenge cheusi. Nyuma yake wazee wawili na chupa ya pombe kali ya tambiko, kisha Serwaa na kitambaa chekundu cha msiba kichwani. Wakanipita, hawakuniona. Mjomba akamwinamia mpangaji wa chumba cha mbele:

"Yuko wapi?"

"Nani, mzee?"

"Marehe... Dufie."

"Si huyo hapo anatwanga?"

Mjomba akageuka, akanitazama kuanzia miguuni kwenda juu, polepole, kama mtu anayekagua ukuta mpya. "Dufie. Umesimama?"

"Shikamoo Mjomba. Fufu haitwangwi kwa kulala."

"Nsiah ameniandikia sanduku lako linataka kuhesabiwa!"

"Ni la bima, Mjomba."

"Bima ni ugonjwa gani?"

Nikaeleza. Kadiri nilivyoeleza ndivyo alivyokasirika. "Nimeshaweka maturubai! Viti mia mbili!"

"Virudishe."

"Mwenye viti hataki. Anasema mtu akishaahidi kufa asigeuze maneno."

Serwaa hakusikiliza hata kidogo. Alikuwa anachungulia mlangoni kwangu. "Dada Dufie, kwa kuwa tumeshafika... kile cha Mgongo wa Kobe, cha mama mkubwa, bado kipo?"

"Kipo. Na mimi nipo."

"Nimeuliza tu."

"Na mimi nimejibu tu."

Tangu mama afariki nikapewa mimi vile vitenge, Serwaa anaamini kimoja kilikuwa chake. Sasa ameona njia. Kila siku ananipitia kuniuliza hali yangu, na nikisema njema anashusha pumzi, sijui ya furaha au ya nini. Wazee nao walimaliza fufu yote wakaondoka bila kulipa. Msibani chakula hakilipiwi, walisema.

Umenikatia bima ya moto na ya wezi. Ya ndugu haipo?

Dufie

Nimesahau: mita imetema cheche tena, imeunguza pazia la jirani. Mzee Agyapong amesema pazia lilikuwa refu mno.


Takoradi, 11 Mei 2014

Dada yangu, tena dada yangu mkubwa,

Barua yako nimekaa nayo kama mtu anayekaa na sufuria ya moto mapajani. Nasikitika. Ila ukweli usemwe, mwandiko ulikuwa mzuri, hata Mjomba hakuulaumu.

Nimeongea na ofisi ya bima. Wamenipa hadi mwisho wa Juni. Baada ya hapo karatasi inafungwa, na kama sanduku halimo, halimo. Pazia la jirani limenikosesha usingizi. Dufie, wewe ulimwona mama akifunga vitenge vile. Ukimwona Serwaa anashusha pumzi, ujue na mimi huku nashusha zangu kila Atta anapofika na kuniambia Tafo bado ipo.

Sikiliza. Andika tu vitenge arobaini. Nani atajua? Mimi nitaapa kwamba nilivinunua Antwerp. Nikiapa mimi, hata mapadri hunyamaza.

Huku mvua zimeanza. Si kitu.

Nsiah


Tafo, Kumasi, 22 Juni 2014

Nsiah,

Salamu. Goti limepona, na utaelewa kwa nini: limepata mazoezi.

Sitaandika arobaini. Uongo juu ya vitenge vya mama sitausema, na wewe usije ukaapa kwa jina la Antwerp, mji haujakukosea. Lakini nilipokuwa natwanga nilijiuliza swali: mila inakataza sanduku la aliye hai lisihesabiwe. Je, imewahi kumkataza aliye hai asivae?

Nikamwita Ofosuhene. Nikamwambia, "Kaa kwenye benchi hapo mbele. Mimi ni mwanamke ninayevaa nguo zangu nikienda sokoni. Wewe ni mwanamume mwenye macho. Utakachokiona ukiandike, hayo ni yako na kalamu yako. Usiniambie umefikia cha ngapi."

Akafikiri. "Mama, kompyuta haijakataza hilo."

Basi mwezi mzima huu nimetembea. Natoka na kitenge cha Pesa Ina Mabawa, narudi, nabadilisha, natoka na Changarawe za Nyumbani. Siku ya Shanga Njema Hazina Makelele, wanawake wa soko la nyanya walisimama wakapiga makofi. Vingine havikuwa vimeona jua tangu mama. Wengine walinuna. Mama Abrafi wa chumba cha nyuma akauliza, "Dufie, yule kijana anayekukodolea macho kila asubuhi, ndiye mchumba?"

"Ni wa bima."

"Ahaa. Ndivyo wanavyoitwa siku hizi?"

Serwaa alisikia, akaja na kigoda chake, akaketi kando ya wakala. Anataja majina ya vitenge kabla sijakaribia, anamsahihisha kijana wa watu. "Si kijani hicho, ni majani ya muhogo! Umesoma wapi wewe?"

Jana nikatoka na Mgongo wa Kobe. Nilijiandaa kwa vita, nikakifunga vizuri hasa. Nikapita mbele yao. Serwaa akalitazama pindo. Nikarudi. Bado analitazama. Nikamwuliza, "Haya, sema, ulikuwa na neno."

Akasema, "Mama mkubwa alikivaa siku aliyonipeleka shule mara ya kwanza. Nililia njia nzima, nimeshika pindo hilo hapo." Akajifuta pua na kitambaa. "Dada, miaka yote nilidhani nakitaka. Kumbe nilitaka kukiona kinatembea."

Ofosuhene akauliza thamani yake. Nilipofungua mdomo Serwaa alikuwa ameshajibu: "Andika kubwa! Kubwa kuliko hiyo!"

Karatasi imefungwa. Vimo vyote. Sijui vingapi, na sitaki kujua.

Sasa nijibu wewe. Mvua inayonyesha huko, ambayo "si kitu," imefika wapi?

Dufie


Takoradi, 20 Julai 2014

Dada Dufie,

Hongera. Mimi mzima.

Kuanzia sasa mwambie Atta barua aniletee jikoni, mlango wa nyuma wa nyumba ya wageni. Nimehamia karibu na kazi. Watu wakubwa hukaa karibu na kazi.

Nsiah


Tafo, Kumasi, 10 Agosti 2014

Nsiah mdogo wangu,

Tangu uanze kuniandikia, barua yako haijawahi kuwa fupi hivi. Uliponiandikia kutoka Santos ukiwa na malaria, ulijaza karatasi nne na ukanichorea mbu. Hii ya sasa niliigeuza nyuma nikitafuta sehemu iliyobaki.

Atta alipokuja nikamwekea fufu, nyama kubwa juu, nikakaa mbele yake.

"Atta, Nsiah hajambo?"

"Hajambo, mama. Anakausha."

"Anakausha nini?"

Akaacha kutafuna. Nikasogeza bakuli upande wangu. Akasema yote. Kwamba mwishoni mwa Juni mtaro ulio nyuma ya chumba chako ulifurika, maji yakaingia dirishani, na ulipotoka kazini ukakuta ukuta mmoja na msumari uliokuwa unatundikia koti. Kwamba godoro lako lilionekana mtaa wa pili na mtu akakana kuwa ni lako. Kwamba unalala stoo ya jikoni, kati ya magunia ya vitunguu.

Nikasema, afadhali mdogo wangu ana bima, hata soksi. Ofosuhene alikuwa hapo, siku hizi anakula hapa hata kama hana kazi. Aliinama kama aliyedondosha kitu.

"Kijana."

"Mama, mwenzangu wa Takoradi alinisimulia. Mdogo wako alikwenda pale akitaka bima mbili. Akaweka pesa mezani, zikatosha moja. Akauliza kama haiwezi kukatwa katikati, nusu yake, nusu yako. Wakamwambia hapana. Akasimama sana pale kwenye dirisha la malipo. Kisha akasema, 'Basi andika Tafo.'"

Nsiah, sikutwanga tena siku ile. Wateja waliondoka na njaa.

Ngoja nikuchekeshe, maana unastahili. Unajua moto uliokuwa unauogopa? Ofosuhene alimweleza Mzee Agyapong kwamba nyumba ikiungua kwa mita yake, kampuni itanilipa mimi, kisha itamgeukia yeye imdai. Mzee hakumaliza hata chai. Kesho yake mafundi wawili walikuwa juu ya dari, nyaya zote zimebadilishwa, mita mpya inang'aa kama jino la dhahabu. Vitenge vimelindwa na bima, bima imeleta nyaya, moto umekosa njia ya kuja. Na maji yamekwenda kwa yule asiye na karatasi. Nikilifikiria hili nataka kucheka, halafu nataka kukupiga.

Sasa. Nilimwuliza Ofosuhene bima hii ni ya nani. Akasema si ya mtu mmoja. Ni ya vitu vya wote wanaoishi katika vyumba hivi, mradi majina yao yameandikwa; mkaaji mpya hufunguliwa karatasi yake.

"Mnaishi wangapi hapa, mama?"

"Wawili."

Akatazama kitanda kimoja, akatazama kile chumba kidogo cha pembeni ninachowekea mihogo. Kijana yule amekua. Hakuuliza zaidi. Akaandika: Kwaku Nsiah. Kisha akasema, "Na huyu wa pili, ana vitu gani?"

Nikamwambia aache mistari mitupu, mingi, hadi mwisho wa ukurasa. Mwenyewe atakuja kuijaza. Mungu amempa kipaji.

Mihogo nimeshaihamisha. Serwaa ameleta godoro. Hajasema nikusalimie, lakini amelipiga vumbi mwenyewe. Wakubwa wa hoteli za huku nao wanakula, na mpishi wa meli hawajamwona.

Dufie


Takoradi, 17 Agosti 2014

Dada yangu Dufie,

Salamu zangu ni nyingi, ila nazileta mwenyewe, zisije zikapoa njiani. Nitafika Jumamosi na basi la Atta, kiti cha mbele, karibu na dereva, mahali pangu.

Lakini tuelewane kabla sijapanda. Siji kwa sababu ya maji. Maji yalikuwa ya kawaida; mtu aliyevuka bahari tatu hawezi kuhamishwa na mtaro. Naja kwa sababu Atta ameniambia, kwa masikitiko, kwamba supu yako siku hizi imepungua chumvi na wateja wanateta pembeni. Hilo ni jina la ukoo. Siwezi kulala nikijua hilo.

Ofosuhene anunue kalamu ya pili. Kwa sasa aandike: kisu cha mpishi, kimoja, kikali. Suruali mbili, moja nimeivaa.

Nilikuwa nimeandika hapa maneno mengine kuhusu ile siku pale dirishani, nimeyafuta. Hayakuwa na mwandiko mzuri.

Na wenzako uani wakikuuliza mbona mtu mkubwa kama mimi amerudi kukaa chumba cha mihogo, sema hivi: sema uliniomba. Sema uliniomba sana, nikakataa, ukaniomba tena, mwisho nikakuhurumia.

Mpangaji mwenzio,
Nsiah